Walokole wa Marekani wana chama chao. Sisi tunaosali kutwa mbona hatuna?

#1 (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite kimya kimya, asije akaniuliza "kwa hiyo kwa kifupi unasemaje".

Kuna kauli nimechoka kuisikia, kwenye daladala, kwenye makundi ya WhatsApp na siku hizi mpaka madhabahuni: kwamba Wamarekani wacha Mungu wanakipigia kura chama cha Republican kwa sababu Biblia imewaelekeza hivyo, na sisi huku tungekuwa na imani ya kweli tungeshakuwa na chama cha namna hiyo. Kuna jamaa yangu wa Mbagala anampigania Trump mtandaoni utadhani ni balozi wake wa nyumba kumi.

Mimi nasema imani peke yake haimpeleki mtu kwenye chama chochote. Wanaompeleka ni watu waliokaa kitako, wakaichukua hiyo imani, wakaitafutia madai, fedha na adui. Na adui lazima awepo kweli. Huku kwetu hayupo, maana kwenye ndoa, mimba na malezi ya watoto vyama vyote vinaongea kama mzee mmoja wa ukoo. Kwa hiyo dini inaingia kwenye kura zetu kwa mlango mwingine kabisa: nani kapata nini, sisi tumepata nini.

Nianze na wenzetu. Mwaka 1976 Marekani ilichagua rais mlokole hasa, Jimmy Carter wa Georgia, Mbaptisti, mwalimu wa shule ya Jumapili. Alikuwa wa chama cha Democrat, wapinzani wa Republican, na walokole wengi wa kusini walimpigia. Hukumu ya Roe dhidi ya Wade, iliyohalalisha utoaji mimba nchi nzima, ilikuwa imetoka 1973. Ungetegemea walokole wawe wameshaingia barabarani. Wapi! Waliokuwa mstari wa mbele kupinga ni Wakatoliki. Wabaptisti wa Kusini, dhehebu kubwa kuliko yote ya Kiprotestanti kule, mwaka 1971 mkutano wao mkuu ulipitisha azimio la kutaka sheria iruhusu mimba kutolewa katika hali fulani, ikiwemo ubakaji na afya ya mama. Ndio hao hao tunaoambiwa leo kwamba msimamo wao haujawahi kuyumba.

Wapo wanahistoria wanaosema kilichowaamsha kwanza ni shule na kodi. Baada ya mahakama kuamuru watoto weusi na weupe wasome pamoja, zikachipuka shule binafsi za Kikristo za weupe watupu. Mamlaka ya kodi ikasema shule inayobagua rangi haistahili msamaha wa kodi. Chuo cha Bob Jones, ambacho kilikataza wanafunzi wa rangi tofauti kuchumbiana, kikanyang'anywa msamaha wake mwaka 1976, kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya nchi na kuishia 1983 chuo kikiwa kimeshindwa. Mwaka 1978, Carter akiwa ikulu, mamlaka hiyo ikapendekeza masharti makali zaidi kwa shule binafsi. Hapo wachungaji waliokuwa wakisema siasa ni uchafu wakagundua kumbe uchafu wenyewe umeshaingia sebuleni.

Mwaka 1979 Jerry Falwell, mchungaji wa Lynchburg, Virginia, mwenye kanisa kubwa, kipindi cha televisheni na shule yake mwenyewe, akaanzisha Moral Majority. Suala la mimba likabebwa likawekwa mbele, kwa sababu lina nguvu ya moyoni ambayo kodi haiwezi kuwa nayo. Mwaka uliofuata Ronald Reagan akasimama Dallas mbele ya maelfu ya wachungaji akawaambia, najua ninyi hamwezi kuniunga mkono, ila mimi nawaunga mkono ninyi. Alikuwa anaikwepa kiaina sheria ya 1954 inayozuia taasisi zenye msamaha wa kodi, makanisa yakiwemo, kumpigia debe mgombea. Novemba walokole weupe wengi wakamwacha mwalimu wa shule ya Jumapili, wakamchagua mwigizaji wa sinema aliyewahi kuachana na mke.

Someni tena sentensi hiyo polepole. Halafu mtaacha kushangaa kwa nini 2016, 2020 na 2024 takriban wanane kati ya kila walokole weupe kumi walimpigia mtu aliyeoa mara tatu. Hawakuwa wanachagua mzee wa kanisa. Walikuwa wanachagua majaji. Trump aliteua watatu katika Mahakama Kuu, na Juni 2022 Roe ikafutwa. Miaka 49 ya kukaa kwenye kamati za kata, kugawa vipeperushi milangoni mwa makanisa na kuhesabu viti vya mabunge ya majimbo. Mwaka 2004 peke yake, majimbo 11 yalipiga kura ya kuzuia ndoa za jinsia moja siku ileile ya uchaguzi wa rais. Kura zote 11 zilipita. Ni kazi ya ofisini, si ya mkesha.

Na kama bado unaamini Biblia ndiyo inayochagua chama, waangalie Waprotestanti weusi. Biblia ileile, ubatizo uleule wa maji mengi, kwenye maadili ya ndoa wengi wao si watu wa mzaha. Lakini kura zao zinakwenda Democrat kwa wingi wa kutisha, kila uchaguzi. Kinachowatofautisha ni historia iliyopita migongoni mwao.

Sasa tuje nyumbani. Juni 2017 Magufuli, akiwa ziarani mkoa wa Pwani, alisema chini ya utawala wake mwanafunzi aliyepata mimba hatarudi shule. Makofi yalipigwa na watu wa dini zote. Novemba 2021 serikali ya chama kilekile ikasema wanarudi. Niambieni, nani alihama chama kwa lile la kwanza au hili la pili? Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa idhini ya mzazi. Mahakama Kuu 2016 ikasema vifungu hivyo vinapingana na Katiba na serikali ikapewa mwaka mmoja kuvirekebisha, Mahakama ya Rufani 2019 ikakazia. Mwaka ukapita, na mingine ikapita. Mmewahi kusikia mgombea wa urais, wa chama chochote, akiliweka hilo juu kwenye orodha ya ahadi zake kwenye mkutano pale viwanja vya Jangwani? Hakuna kura ndani yake, kwa sababu wengi upande huu na upande ule wanakubaliana kutoligusa.

Dini inapogusa kura hapa ni kwingine. Zanzibar ilijiunga na OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, Desemba 1992, nchi nzima ikawaka moto, Agosti 1993 ikajitoa. Mwaka 1992 huohuo serikali ikasaini makubaliano na makanisa kuhusu shule na hospitali zao, na mpaka leo ukitaka kuvuruga kikao cha Waislamu na Wakristo wanaoheshimiana, litaje hilo. Mahakama ya Kadhi, ile ya Waislamu ya ndoa na mirathi, iliingia kwenye ilani ya CCM ya 2005, ikaahirishwa, ikazungushwa, 2015 muswada ukarudishwa kabatini. Machi mwaka huo Jukwaa la Wakristo likawaambia waumini waikatae Katiba Inayopendekezwa. Hata sensa: swali la dini halijaulizwa tangu 1967, maana jibu lake lingegeuka hesabu ya mgao siku hiyohiyo.

Ndiyo maana pia tuna zamu ambayo haijaandikwa popote. Nyerere, Mwinyi, Mkapa, Kikwete, Magufuli, Samia. Mkristo, Mwislamu, Mkristo, Mwislamu. Chama cha dini hakiwezi kusajiliwa, ibara ya 20 ya Katiba imelifunga hilo, lakini hesabu yenyewe kila mzee wa chama anaijua kichwani kama nauli ya Kariakoo.

Nawasilisha. Mwenye hoja aje na hoja. Na uchaguzi wa 2025 naomba tuuache kwanza, uzi usije ukafungwa kabla hatujachangia.

#2

Nimesoma mpaka mwisho na kahawa imepoa. Jamaa wa Mbagala apelekewe nakala.

#3

Kijana wangu, umeandika vizuri ila neno lako "mgao" linanikera. Mimi ni mtu wa Magomeni, nina mvi. Unalisema kana kwamba ni watoto wanagombea pilau.

Chama hiki tulichonacho kilijengwa Kariakoo na Gerezani na wazee wetu, wengi wao Waislamu, kwenye nyumba zao na kwa sadaka zao. Sheikh Suleiman Takadir alikuwa mwenyekiti wa Baraza la Wazee la TANU, chama kilichozaa CCM, na 1958 alipohoji Waislamu watakuwa wapi katika uchaguzi ule wa kura tatu, wa kila mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia, alifukuzwa. Mwaka 1968 East African Muslim Welfare Society, iliyokuwa na mipango ya shule na chuo, ikapigwa marufuku, tukapewa BAKWATA, baraza la Waislamu linalotambuliwa na serikali. Februari 1998 polisi wakaingia msikiti wa Mwembechai, hapa hapa mtaani kwangu, watu wakapoteza maisha. Mtu anayekumbuka haya akiingia kwenye chumba cha kura hadai mgao. Anadai haki, anauliza kama nchi hii inamhesabu.

Halafu nikusahihishe kimtazamo. Wewe unawaona walokole wa Marekani na Waislamu wa Dar kama vitu viwili tofauti. Mimi nikisoma habari yako ya zile shule na kodi, naona watu walioamini serikali imeingia ndani ya nyumba yao. Hilo tunalijua vizuri sana sisi. Tofauti ni kwamba wao walichokuwa wanakilinda kilikuwa ubaguzi, sisi tulikuwa tunataka shule.

#4

Shikamoo mzee wangu wa #3.

Mimi ni Mkatoliki, mama wa jumuiya, yaani kikundi cha majirani tunaosali pamoja, Tabata. Niongezee kidogo kuhusu jinsi neno la viongozi wa dini linavyoshuka mpaka kwa mpiga kura, kwa sababu naona wengi mnadhani askofu akisema basi waumini wanapanga foleni.

Agosti 2023 Baraza la Maaskofu lilitoa tamko la kutounga mkono mkataba wa bandari na DP World, kampuni ya Dubai, likasomwa makanisani. Kanisani kimya, kwaya ikaimba, tukatawanyika. Mjadala wenyewe ulikuja Jumamosi kwenye jumuiya, asubuhi ile ya saa kumi na mbili na nusu, watu wamekaa kwenye mikeka na viti vya plastiki uani kwa mama mwenyeji. Tukasoma injili, tukatoa nia, halafu mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno juu ya tamko. Kulikuwa na baba mmoja anafanya kazi bandarini. Akasema maaskofu nawaheshimu ila wao hawajakaa na meli siku ishirini nje ikisubiri gati. Mama mwingine akamjibu kwamba hata kama, nchi haiuzwi. Baba akasema hakuna aliyeuza. Ikabidi mwenyekiti aanzishe Salamu Maria katikati ya sentensi ya mtu.

Wote wawili walibaki na msimamo wao, na wote wawili Jumapili walipokea komunyo. Walipotoka pale, jambo lilikuwa limeshajadiliwa mtaani kuliko kikao chochote cha chama kilivyowahi kulijadili. Hapo ndipo nguvu ya dini ninapoiona. Chama kinakuja mara moja kwa miaka mitano na fulana, jumuiya inakutana kila wiki, inajua nani anaumwa na nani kafiwa.

Na maneno ya nje tuliyoyasikia! Kwa kuwa rais ni Mwislamu, wapo waliosema maaskofu wanampinga kwa dini yake. Hao wamesahau Waraka wa Kwaresima wa 2018 ulioikosoa serikali, wa maaskofu haohao, na rais wakati ule alikuwa Mkatoliki mwenzao. Walutheri nao mwaka huohuo walitoa wa kwao wa Pasaka.

#5

Mleta mada unazunguka mbuyu. Unasema dini hainunui kura Dar, haya Gwajima alipataje ubunge wa Kawe 2020? Askofu kabisa, na kanisa lake, akambwaga Halima Mdee wa CHADEMA aliyekaa miaka kumi. Hapo utasemaje?

#6

Na 2005 tulivyoambiwa JK, yaani Kikwete, ni chaguo la Mungu mmesahau? Viongozi wa dini wenyewe, tena Wakristo kwa Mwislamu. Akapata zaidi ya asilimia 80. Mwaka 2010 akashuka mpaka 62 na ushee. Sijui Mungu alibadili mawazo au orodha ya wapiga kura ilichakaa 😂

#7 (mleta uzi)

@ #5, Gwajima alishinda kwa tiketi ya CCM, mwaka ambao CCM ilizoa karibu majimbo yote ya nchi. Ukitaka kupima nguvu ya kanisa kwenye sanduku, muweke askofu kwenye chama kidogo halafu tuone. Na angalia kilichofuata: alipotofautiana na wakubwa kuhusu utekaji wa watu, Juni 2025 kanisa lake likafutiwa usajili. Falwell angefanyiwa hivyo na Carter, Marekani ingesimama, kwa sababu nyuma yake palikuwa na mtandao wa majimbo yote. Huku mchungaji mwenye nguvu ni mtu mmoja mwenye kipaza sauti. Anaalikwa na chama, yeye hakialiki.

Mfano ulio mgumu kwangu kuliko wa Kawe ni Dk. Slaa, mgombea urais wa CHADEMA 2010. Padri wa zamani, aliyewahi kuwa katibu mkuu wa Baraza la Maaskofu. Mwaka mmoja kabla, Wakatoliki walikuwa wametoa ilani yao ya vipaumbele, na Shura ya Maimamu nao wakatoa mwongozo wao kwa Waislamu. Kampeni ikanuka udini kuliko nyingine zote ninazozikumbuka. CHADEMA ikaitwa ya makanisa kama CUF ilivyowahi kuitwa ya misikiti. Slaa alipata asilimia 27 hivi. Lakini alikuwa anahubiri nini majukwaani? Orodha ya mafisadi, elimu bure, saruji ya bei nafuu. Hata padri hakuja na ajenda ya maadili ya ndoa, maana asingepata wa kubishana naye.

Mzee wa #3, marahaba kwa darasa, na neno "haki" nalichukua. Ila bado nabaki na swali langu. Malalamiko hayo ya tangu 1958 hayajawahi kugeuka kura za upande mmoja. Waislamu wa Dar wamegawanyika CCM, CUF ya zamani, ACT, mpaka CHADEMA. Walokole weupe wa Marekani hawagawanyiki hivyo. Haki ileile, kumbukumbu ileile, kwa nini sanduku haliionyeshi?

#8

Niliwahi kugombea udiwani, kata na chama naviacha, nisije nikatafutwa. Niwape ya uwanjani.

Mgombea Dar anahudhuria ibada kuliko padri. Ijumaa nimevaa kanzu, na mimi ni Mkristo, nimekaa nje kwenye mkeka nasubiri swala iishe nisalimiane na watu. Jumapili ibada ya kwanza Walutheri, ya pili walokole, jioni nimeitwa kwenye harambee ya paa. Ramadhani ndiyo usiseme, futari tatu kwa jioni moja na tende zote lazima uzionje. Mkutano wa hadhara unafunguliwa na sheikh na mchungaji, wote wawili, na ole wako mmoja achelewe: unaanza nusu saa baadaye lakini huanzi na mmoja.

Katika kampeni nzima hakuna aliyeniuliza msimamo wangu juu ya mimba, talaka wala mashoga. Hakuna. Wanajua nitajibu nini, wagombea wote tungejibu vilevile. Niliulizwa mtaro, niliulizwa barabara ya vumbi. Na swali lililonitoa jasho nililiulizwa na mzee mmoja nje ya msikiti, kwa upole kabisa: "Mwanangu, diwani aliyepita kanisa lile alilipa jenereta, sisi akatuletea mazulia. Wewe ukipita utaanzia wapi?"

Nikajibu nitaanzia kwenye maji, kwa sababu maji hayana dini. Wakacheka, mzee hakucheka. Akasema, bomba lenyewe litapita mbele ya nani?

#9

Hili la bomba litapita mbele ya nani ndilo jibu la swali lako la mwisho, mleta mada. Mlokole wa Alabama anachagua jaji atakayekaa Washington miaka thelathini. Huyo mzee anachagua mtu wa kumpelekea bomba kabla ya Ramadhani nyingine. Ukitaka bomba unampigia anayeelekea kushinda, hata kama hamsali pamoja, kwa sababu aliyeshindwa hana bomba. Ndiyo maana malalamiko yetu ni ya dini na kura zetu ni za chama kilichopo madarakani.

#10

Kijana, hapo umenena. Na mimi nimempigia huyo wa bomba mara nyingi tu, roho inaniuma. #8, ulipita?

#11

Sikupita, mzee wangu. Kura za maoni ndani ya chama ziliniishia mapema, wajumbe walishakula kwa mwenzangu. Bomba lilikuja mwaka wa pili, likapita nyuma, mbali na msikiti na mbali na kanisa, mbele ya nyumba ya mwenyekiti wa mtaa.